Vipimo vya umeme wa sikio: je, nivifuate India?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka 41, naishi Korogwe. Ni mwaka na nusu sasa napata kizunguzungu kikali. Nyumba inazunguka, natapika, nalala chini, natulia baada ya saa mbili au tatu. Kabla ya hapo sikio la kushoto huziba na kuvuma. Nimetibiwa presha, malaria na taifodi. Mwishowe daktari wa masikio wa Dar es Salaam akasema huenda ni ugonjwa wa Ménière, akanianzishia betahistini. Nilifanyiwa kipimo kimoja cha umeme wa masikio, ABR, majibu yakatoka mazuri. Ameandika kingine, ECochG, nami nimeambiwa nikifuate India. Ukoo umeanza kuchanga. Naomba kujua: umeme huo unaingia kichwani? Jirani ananitisha kwamba ni ule wanaopewa wagonjwa wa akili. Kama ABR ni nzuri, mbona naanguka? Na hicho cha pili kitanipa jibu la uhakika? Nina jambo jingine dogo: mtoto wa mdogo wangu ana miaka miwili na miezi mitatu na haongei. Alipozaliwa alipata manjano kali, akawekwa kwenye taa. Tulimpeleka akapimwa masikio kwa kile kipimo cha dakika mbili, tukaambiwa yako sawa. Tusubiri tu?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Kwa kuwa michango imeshaanza, nianze na la fedha. Usiende India kwa ajili ya ECochG. Kipimo chenyewe ni halali na nitakueleza kinavyofanya kazi, ila kwa dalili ulizozieleza, majibu yake yakitoka hivi au vile, matibabu yako yatabaki yale yale. Kipimo kitakachokufaa zaidi ni kile cha kuvaa visikizio na kubonyeza kitufe kila usikiapo mlio, nacho hukukitaja kabisa. Fedha za kipimo cha umeme, kama zipo, zimwendee mtoto. Hilo uliloliita jambo dogo ndilo lililonifanya nikujibu mapema, na nitalirudia kwa urefu.

Kwanza hofu ya jirani. Hakuna umeme unaoingizwa mwilini mwako. Sikio lenyewe linazalisha umeme, na mashine inaupokea kupitia vibandiko vilivyowekwa kwenye ngozi. Kinachoingizwa ni sauti tu.

Umeme huo unatoka wapi? Sehemu ya sikio inayogeuza sauti kuwa habari kwa ubongo inaitwa koklea, mfereji ndani ya mfupa uliojiviringisha mara mbili na nusu. Katikati ya mfereji huo pana chumba chembamba chenye majimaji yanayoitwa endolimfu, yaliyojaa potasiamu, na mwili hutumia nguvu nyingi kuyaweka kwenye chaji ya umeme ya karibu milivolti 80 juu ya majimaji ya vyumba vya jirani. Chini ya chumba hicho pana utando, na juu ya utando zimepangwa seli zenye vinyweleo: kama 3,500 za safu ya ndani na kama 12,000 za safu za nje, kwa kila sikio. Sauti ikiingia, utando unatikisika, vinyweleo vinapinda, milango midogo inafunguka, potasiamu inatiririka kuingia kwenye seli. Hapo umeme umezaliwa. Seli hizo zikifa, haziotei tena.

Mwaka 1930, Ernest Wever na Charles Bray wa Princeton, Marekani, waliweka waya kwenye neva ya usikivu ya paka aliyepigwa dawa ya usingizi, wakauunganisha na kikuza sauti, na mmoja wao akakaa chumba kingine akiwa na kipokezi cha simu. Mwenzake alipozungumza karibu na sikio la paka, maneno yalisikika kule chumba cha pili. Waliamini wamenasa kazi ya neva. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya walichonasa ilitoka kwenye seli za koklea, ambazo hutoa umeme unaofuata umbo la sauti kama maikrofoni, na mpaka leo umeme huo tunauita maikrofoni ya koklea. Uweke akilini, maana ndio utakaomhusu mtoto.

Tatizo la vipimo hivi ni udogo wa kinachotafutwa. Umeme wa sikio ukifika kwenye ngozi ya kichwa umebaki chini ya maikrovolti moja, wakati misuli ya shingo, macho yanayopepesa na ubongo wenyewe vinatoa mara nyingi zaidi ya hapo. Ni sawa na kumsikiliza mtu mmoja anayenong'ona katikati ya Kariakoo siku ya Jumamosi. Ujanja ni kumfanya arudie neno lile lile mara elfu moja au mbili, kisha kujumlisha na kugawa: kelele za soko, kwa kuwa hazina mpangilio, zinafutana, na neno lake linabaki. Ndiyo sababu uliambiwa ulale, ulegeze taya na ufumbe macho huku sikioni zikipigwa kliki zaidi ya kumi kila sekunde. Mgonjwa aliyekaza shingo kwa woga wa kupigwa shoti anaharibu kipimo chake mwenyewe, kwa hiyo jirani akupe pole tu.

Sasa ABR. Kibandiko kimoja huwekwa kwenye paji la uso, vingine kwenye ndewe au kwenye mfupa nyuma ya masikio. Mashine inasoma yanayotokea ndani ya milisekunde 10 za mwanzo baada ya kila kliki. Don Jewett na John Williston walipoyaeleza mawimbi haya mwaka 1971 waliyapa namba za Kirumi, na mpaka leo kwenye karatasi yako utaona I, III na V. La kwanza hutoka kwenye neva ya usikivu inapoacha koklea, kiasi cha milisekunde moja na nusu baada ya kliki. La tatu na la tano hutoka juu zaidi, kwenye shina la ubongo. La tano hufika karibu na milisekunde 5.6. Anayesoma karatasi anatazama muda kutoka wimbi hadi wimbi, kisha analinganisha kulia na kushoto. La tano la upande mmoja likichelewa kwa zaidi ya takriban milisekunde 0.3 au 0.4 kuliko la upande wa pili, tunashuku kitu kinabana neva njiani, hasa uvimbe usio wa saratani unaoota kwenye neva ya mizani, ile inayotusaidia kusimama bila kuyumba.

Kwa hiyo ABR yako ilikuwa inajibu swali la njia: je, habari ikitoka kwenye sikio inafika kwenye shina la ubongo kwa wakati? Ikajibu ndiyo. Ugonjwa wa Ménière haupo njiani, upo kwenye chanzo, ndani ya majimaji yenyewe, na mtu mwenye Ménière kwa kawaida hutoa ABR nzuri. Pia kliki hupima zaidi masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, kati ya 2000 na 4000 hezi, wakati Ménière huanza kula masafa ya chini, yaani sauti nzito. Ukiniuliza kama majibu yale yanapingana na unavyojisikia, hayapingani hata kidogo. Wala hayajafuta kabisa shaka ya uvimbe, kwa sababu ABR hukosa uvimbe mdogo, ule usiofika sentimita moja. Picha ya MRI ndiyo inayomaliza neno hapo. Ikiwa audiogramu, yaani mchoro wa kile kipimo cha visikizio na kitufe, itaonyesha sikio la kushoto liko chini ya la kulia, na nadhani ndivyo itakavyokuwa, MRI utahitaji, nayo inapatikana Dar es Salaam.

Prosper Ménière alikuwa daktari wa taasisi ya viziwi mjini Paris. Mwaka 1861 aliwaambia wenzake kwamba kizunguzungu cha namna hii, kinachokuja pamoja na mvumo na uziwi, kinatoka kwenye sikio la ndani. Wakati huo wagonjwa hao walihesabiwa kuwa na damu iliyozidi ubongoni, wakatibiwa kwa kuumikwa na kutolewa damu. Ukisikitika kwamba ulitibiwa presha na taifodi, jua kwamba wenzako wa Paris waliyapata makali zaidi. Chanzo chenyewe kilionekana mwaka 1938, pale Charles Hallpike na Hugh Cairns wa London, na Yamakawa kule Japani mwaka huo huo, walipochunguza mifupa ya masikio ya wagonjwa waliofariki na kukuta chumba cha endolimfu kimevimba kwa kujaa majimaji. Kwa nini yanajaa, na kwa nini baadhi ya watu wana huo uvimbe bila kizunguzungu chochote, bado tunabishana.

ECochG, yaani elektrokokliografia, inatafuta dalili ya huo uvimbe. Inatazama milisekunde chache tu za mwanzo, na inaweka elektrodi, yaani kinasa umeme, karibu na koklea kuliko ABR. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kipande cha sponji kilichofunikwa karatasi ya dhahabu, kinachoingizwa kwenye tundu la sikio. Ya pili ni uzi laini wenye ncha ya jeli au pamba unaogusa ngoma ya sikio, unakera, hauchomi. Ya tatu ni sindano nyembamba inayopita kwenye ngoma, baada ya kufa ganzi, na kugusa mfupa ulio mbele ya koklea. Kadiri unavyokaribia, ndivyo umeme unavyokuwa mkubwa na safi, na ndivyo mgonjwa anavyopenda kukimbia. Mtu akikuambia "nilipimwa ECochG", muulize kwanza ni kwa njia ipi, kwa sababu namba za njia moja hazilinganishwi na za nyingine.

Kwenye karatasi yanaonekana mambo mawili. Kuna kigongo kidogo kinachotoka kwenye seli za koklea sauti inapokuwa inaendelea, kinaandikwa SP. Mara baada yake kuna mshuko mkubwa, neva ikifyatua kwa pamoja, unaoandikwa AP. Ndio huo huo wimbi la kwanza la ABR, ukitazamwa kwa karibu. Chumba cha endolimfu kikijaa, utando unasukumwa upande mmoja na mtikisiko wake haulingani tena juu na chini. Kule kutolingana ndiko kunakoonekana kama SP iliyokua. Basi mtaalamu anagawa SP kwa AP. Tuseme SP ni 0.2 na AP ni 0.8: jawabu ni 0.25, hakuna shida. SP ikiwa 0.5 kwa AP ile ile, jawabu ni 0.63, na mtaalamu anaandika kwamba uvimbe wa majimaji unashukiwa. Mpaka wa kawaida, kwa elektrodi ya kwenye ngoma, huwekwa karibu na 0.4 au 0.5, ila kila kliniki inatakiwa kuwa na mpaka wake iliyoupata kwa kupima watu wazima wa afya kwa chombo chake.

Ukifika hapo unaona kipimo kimekaa vizuri kinadharia. Mgonjwa akija mbele yangu, mambo yanakuwa mengine. Kati ya watu ambao dalili zao zinaonyesha wazi kuwa wana Ménière, kama theluthi moja hutoa uwiano wa kawaida. Uwiano hupanda zaidi siku ambazo sikio limeziba na kushuka likiwa limetulia, na ugonjwa huu haufuati ratiba ya ndege: unaweza kufika Chennai ukiwa mzima, ukapimwa, ukarudi na karatasi inayosema huna kitu. Ugonjwa ukikomaa na usikivu wa masafa ya juu ukashuka sana, AP inakuwa ndogo mno na uwiano haumaanishi tena chochote. Upande wa pili, uwiano mkubwa hutokea pia bila Ménière. Mfano unaojulikana sana ni watu wenye tundu kwenye mfupa unaofunika mfereji wa juu wa mizani, hali iliyoelezwa na Lloyd Minor mwaka 1998. Hao husikia macho yao yakizunguka na huyumba wakisikia sauti kubwa. Karatasi ya ECochG peke yake haiwezi kukutofautisha na mtu huyo.

Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vilivyokubaliwa mwaka 2015 kupitia Jumuiya ya Bárány, ya wataalamu wa kizunguzungu, havina kipimo cha umeme hata kimoja. Vinataka mambo manne: uwe umepata mashambulizi mawili au zaidi ya kizunguzungu, kila moja la kati ya dakika 20 na saa 12, audiogramu ionyeshe kushuka kwa usikivu wa masafa ya chini au ya kati katika sikio hilo, karibu na wakati wa shambulizi, sikio hilo liwe na mvumo, kuziba au usikivu unaopanda na kushuka, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza vizuri zaidi. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2020 umekwenda mbali zaidi: unawataka madaktari wasiagize ECochG kama desturi ili kuthibitisha Ménière. Mimi naukubali. Nakitumia kipimo hiki pale masikio yote mawili yanaposhukiwa na lazima tuamue ni lipi linalosumbua kabla ya kuchoma dawa ya kuua mizani, na madaktari wa upasuaji wanakitumia chumba cha operesheni kufuatilia koklea wakati wa kupandikiza kifaa cha kusikia. Wewe hujafika huko na sitarajii ufike.

Kati ya vigezo vinne, kwa barua yako peke yake unavyo viwili na nusu. Unachokosa ni audiogramu iliyochorwa wakati sahihi. Kipimo hiki hufanywa kwenye chumba kisichopitisha kelele, kila sikio peke yake, kuanzia 250 hezi hadi 8000. Ménière ya mwanzo huchora mstari unaopanda: vibaya kwenye 250 na 500, vizuri zaidi kuelekea 2000. Kigezo chenyewe kinataka sikio bovu liwe chini ya zima kwa angalau desibeli 30 katika masafa mawili yanayofuatana chini ya 2000. Nenda siku sikio limeziba, au ndani ya siku mbili tatu baada ya shambulizi, hata kama bado unayumba. Apatikane wa kukusindikiza. Rudi tena baada ya wiki kadhaa ukiwa mzima. Mstari wa masafa ya chini ukishuka mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, umeshapata ushahidi ambao ECochG ya bei yoyote haiupiti. Kabla ya kuingia chumbani waambie watazame tundu la sikio, kwa sababu nta peke yake inaweza kuchafua matokeo, na wafanye timpanometri kuhakikisha hakuna maji nyuma ya ngoma.

Weka pia daftari. Tarehe, saa ilipoanza, saa ilipoisha, sikio lilikuwaje, kichwa kiliuma au la, mwanga ulikukera au la. Haya mawili ya mwisho yana maana: kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu cha saa kadhaa pamoja na mvumo, na ndicho kinachofanana na Ménière kuliko ugonjwa mwingine wowote, hapo matibabu ni tofauti kabisa. Kizunguzungu cha chembe za chokaa zilizohama kwenye sikio, ambacho watu wengi wanacho, hakikuhusu, kwa sababu huisha chini ya dakika moja na huja ukigeuka kitandani. (Kipimo chake cha kulazwa haraka na kichwa kikiwa kimegeuzwa, ambacho huenda ulifanyiwa, kinabeba jina la yule yule Hallpike.) Na mwombe daktari kipimo cha damu cha kaswende. Usikasirike, ninawaagiza wote, hata masheikh na mapadri: kaswende ya zamani huiga Ménière karibu neno kwa neno, na yenyewe ina dawa.

Kuhusu betahistini uliyopewa, ni dawa salama na wengi wanaisifu. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 221 waliofuatiliwa miezi 9, ulikuta mashambulizi yalipungua kwa kiwango kile kile kwa waliopewa dozi ndogo, dozi kubwa na kidonge kitupu. Ikikufaa endelea nayo; usikope ili kuinunua. Sinarizini na prokloperazini ni za siku ya shambulizi tu. Nimeona watu wanazimeza kila siku kwa miaka, miguu inakuwa mizito, mikono inatetemeka, na mizani haipati nafasi ya kujifunza upya. Punguza chumvi, na hapo namaanisha ng'onda, dagaa waliokaushwa kwa chumvi na vile vimchemraba vya kuungia mchuzi. Kama mashambulizi yataendelea hivi hivi, daktari anaweza kuongeza vidonge vya kukojoza, au kuchoma steroidi kupitia ngoma ya sikio. Siku usikivu ukishuka ghafla na usirudi baada ya kizunguzungu kuisha, usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo au kesho yake.

Sasa mtoto.

Kipimo cha dakika mbili alichofanyiwa, kinachoitwa OAE, si cha umeme. Kijiplagi laini kinawekwa sikioni, kinapiga milio, kisha maikrofoni iliyo ndani yake inasikiliza sauti hafifu inayorudishwa na koklea. Sauti hiyo iligunduliwa na David Kemp wa London mwaka 1978, na inatengenezwa na zile seli za safu za nje. Ikisikika, maana yake seli hizo zinafanya kazi. Haisemi lolote kuhusu seli za ndani, wala neva, wala shina la ubongo. Watoto wengi wasiosikia wana kasoro kwenye seli za nje, kwa hiyo kipimo hiki kinawakamata. Mtoto aliyepata manjano kali ni habari nyingine. Bilirubini, ile rangi ya manjano ya kwenye damu, ikipanda sana hupenya na kudhuru neva ya usikivu na vituo vyake kwenye shina la ubongo, wakati mwingine ikiacha koklea nzima. Mtoto huyo atafaulu kipimo cha dakika mbili, na ataendelea kufaulu, huku maneno yakimfikia yamevurugika.

Hali hii, ambayo Arnold Starr na wenzake waliipa jina la neuropathi ya usikivu mwaka 1996 walipoeleza wagonjwa 10, haimfanyi mtoto awe kiziwi wa moja kwa moja. Neva hufyatua bila kupatana. Mlango ukibamizwa anageuka, radi inamshtua, pengine anacheza muziki ukipigwa. Bibi anasema anasikia, tena ana kiburi. Kinachomshinda ni kutofautisha "baba" na "dada", hasa penye kelele. Kwa sababu ya watoto kama hawa, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2007 ulitaka watoto waliolazwa wodi ya uangalizi maalumu zaidi ya siku tano wapimwe kwa ABR. Sidai kwamba mtoto wenu anayo. Wapo wanaochelewa kuongea kwa sababu nyingine kabisa. Ila mwenye historia hiyo na umri huo, bila maneno, hajapimwa masikio mpaka afanyiwe ABR.

Hapa hakuna visikizio wala kitufe vinavyoweza kuchukua nafasi ya kipimo cha umeme. Mtoto wa umri huu aliyelala hawezi kutudanganya wala kutusaidia. Mpelekeni kwenye hospitali ya rufaa yenye kitengo cha usikivu. Msimlaze asubuhi hiyo, wala asisinzie kwenye basi. Afike amechoka na njaa kidogo, anyonye au ale pale pale, alale usingizi wake wa kawaida. Kama kitalazimu kupewa dawa ya usingizi, itolewe hospitalini na mtu atakayemwangalia hadi aamke. Bebeni karatasi za alipozaliwa, hasa kiwango cha bilirubini na kama alibadilishwa damu.

Na mwambieni mtaalamu jambo moja waziwazi: apige kliki za chanya (zinazosukuma hewa) na za hasi (zinazoivuta) kwa kutenganisha, asizichanganye. Mashine nyingi huzichanganya zenyewe ili kusafisha mstari, na zikichanganywa, ile maikrofoni ya koklea ya Wever na Bray inafutika. Zikitenganishwa, maikrofoni ya koklea hupinduka juu chini kliki inapopinduka, wakati mawimbi ya neva hayapinduki. Koklea ikitoa maikrofoni yake na mawimbi I, III, V yasionekane, hiyo ndiyo picha ya neuropathi. Bila kutenganisha, karatasi ile ile itasomeka kwamba mtoto ni kiziwi kabisa, na atavalishwa kifaa cha kukuza sauti chenye nguvu zote. Kosa hilo ni zito, kwa sababu katika neuropathi ABR haituambii mtoto anasikia desibeli ngapi. Kifaa hupangwa taratibu, kwa kutazama anavyoitikia. Wasirudie OAE na kuishia hapo pia: katika baadhi ya watoto hawa sauti ile ya seli za nje hupotea baada ya muda, na hapo ugonjwa unafanana na uziwi wa kawaida.

Ikithibitika, kuna la kufanya. Lugha ya alama ianze nyumbani mara moja, bila kungoja uamuzi wa kifaa, maana ubongo wa miaka miwili unahitaji lugha yoyote iliyo wazi. Baadhi yao husaidiwa na vifaa vya kukuza sauti. Baadhi hufaidika na kifaa cha kupandikizwa kwenye koklea, ambacho huipa neva mapigo ya umeme yaliyopangika. Upasuaji huo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2017, na si lazima tena kupanda ndege. Kama pamoja na kutoongea amechelewa kukaza shingo au kutembea, aonwe na daktari wa watoto wa neva katika safari hiyo hiyo, kwa sababu manjano iliyofika kwenye masikio inaweza kuwa imegusa na vituo vya mwendo.

Mashine ya pale mtakapokwenda isipoweza kutenganisha kliki, wakiwa wakweli watawaambia. Waombeni waandike hivyo kwenye majibu, na wawape rufaa ya kwenda inakowezekana.